Umepewa dawa za sonona? Soma hii kabla hujazitupa

Niseme mapema, mi si daktari wala nesi. Mi ni mtu niliyewahi kupewa dawa za sonona, nikazitupa siku ya tisa, nikaja kuzianza upya miezi minne baadaye nikiwa nimekonda mpaka suruali inanivuka, na toka hapo kila ndugu akiandikiwa dawa hizo ananipigia simu mimi badala ya kumuuliza aliyemwandikia. Nimechoka kurudia stori ileile kwenye simu, nimeamua niandike mara moja kila mtu asome.

Siku ile ya kwanza nilipewa kibahasha cha plastiki, vile vidogo, kimeandikwa 1x1 kwa peni na jina la dawa limechorwa haraka haraka sijui herufi ya kwanza ni F au T. Foleni ya dirisha la dawa imefika mlangoni, yule dada hata macho hakuinua. Hakuna aliyeniambia dawa inaanza kufanya kazi lini. Nikameza, tumbo likachafuka, usingizi ukakata, mkono unatetemeka nikishika kikombe cha chai, na ile huzuni iko palepale haijasogea hata inchi moja. Siku ya tisa nikazimwaga chooni nikasema hawa wamenipa sumu.

Baadaye nikaja kujua kumbe dawa ilikuwa yenyewe na dozi ilikuwa yenyewe, nilichokosa ni kalenda tu.

Kalenda yenyewe iko hivi

Sisi tumezoea panadol, nusu saa kichwa kimetulia. Tumezoea mseto, siku tatu umemaliza dozi ya malaria. Dawa za sonona haziendi hivyo kabisa. Maudhi yanaanza siku ya kwanza au ya pili, faida inakuja nyuma sana, wengi wanaanza kuisikia kati ya wiki ya 2 na ya 4, na kuna wanaofika wiki ya 6 au hata wakaipita ndo mambo yanaanza kunyooka. Yaani kuna kipindi cha wiki mbili tatu ambapo unapata ubaya wote wa dawa na uzuri wake hujauona, na hapo ndipo watu wanapotupa. Ukiwa unajua hicho kipindi kipo unakipita, usipojua unaona umerogwa mara ya pili.

Kwa hiyo chukua daftari, hata lile la kliniki, andika tarehe uliyomeza kidonge cha kwanza, kisha hesabu mbele andika wiki ya 2, ya 4, ya 6. Wiki ya 4 rudi kwa daktari hata kama hujisikii tofauti, tena rudi hasa kama hujisikii tofauti, maana hapo ndo ataamua aongeze dozi au abadilishe. Tarehe ya kurudi iulizie kabla hujatoka.

Maswali ya dirishani

Usiondoke na kibahasha bila kuuliza jina la dawa na miligramu, uandikiwe vizuri. Uliza asubuhi au usiku. Hii ndogo lakini ina maana kubwa, kuna dawa ya sonona inaitwa fluoksetini, inaweza kukata usingizi kwa hiyo mara nyingi inamezwa asubuhi, na mimi nilikuwa nameza saa tatu usiku baada ya taarifa ya habari, ndo maana nilikuwa nakesha nikihesabu mabati. Amitriptilini ni kinyume chake, inaleta usingizi, inamezwa usiku, na kama unaendesha bodaboda au gari siku za mwanzo kuwa makini sana maana asubuhi unaamka kichwa kizito kama umelala msibani. Sertralini inategemea mwili wako.

Mtajie daktari dawa zote unazotumia, na nikisema zote namaanisha na zile unazoona aibu. Tramadoli, ile ya maumivu, na fluoksetini au sertralini zikikutana zinaweza kukuletea hatari, jasho, kutetemeka, moyo unakwenda mbio, joto linapanda, misuli inakaza, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Diklofenaki na ibuprofeni zile za mgongo zikichanganywa na hizi dawa zinaongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni, kwa hiyo kama una vidonda vya tumbo sema. Kama una shinikizo la damu, kifafa, matatizo ya moyo, unanyonyesha au una mimba, sema. Na ukigundua una mimba wakati tayari unatumia dawa usiziache ghafla mwenyewe kwa hofu, nenda kaulize, kuna dawa ambazo wajawazito wanaendelea nazo na kuna ambazo zinabadilishwa.

Kitu kingine usichanganye mabaki. Binamu yangu alibadilishiwa kutoka amitriptilini kwenda fluoksetini, akawa anameza fluoksetini asubuhi na ile amitriptilini iliyobaki anameza usiku "ya usingizi tu". Sasa fluoksetini inazuia ini lisiivunje amitriptilini haraka, kwa hiyo ile nyingine inajazana kwenye damu. Alikuja kuanguka akitoka bafuni. Bahati hakuumia.

Wiki mbili za kwanza

Kichefuchefu kinapungua ukimeza baada ya kula, hata kama ni kipande cha muhogo. Kwa wengi kinaisha ndani ya wiki moja au mbili. Mdomo kukauka ni wa amitriptilini zaidi, kunywa maji kidogo kidogo. Choo kigumu, kula mapapai na mboga. Kizunguzungu ukisimama, inuka taratibu, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, wazee hasa.

Kuna maudhi ambayo hayasemwi kabisa nayo ni ya chumbani. Hizi dawa zinaweza kupunguza hamu, zinaweza kuchelewesha kufika, kwa wanaume na kwa wanawake. Nawajua wanaume wameacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo, wengine wamekwenda kununua vidonge vya kuongeza nguvu mtaani wakachanganya wenyewe. Mwambie daktari. Kuna kupunguza dozi, kuna kubadili dawa, na pia kumbuka sonona yenyewe nayo inaua hamu, kwa hiyo si kila kitu ni dawa.

Sasa yapo ambayo si ya kuvumilia. Moja, ukianza kuwa na mawazo ya kujiua, au yalikuwepo na sasa yamezidi, au umekuwa huwezi kutulia mahali unazunguka tu ndani una hasira na kila mtu. Mwambie mtu aliye karibu yako saa hiyohiyo, hata ukilala asiwe mbali na wewe, na mrudi hospitali siku hiyo, si kesho wala siku ya miadi. Kwa vijana hili linaangaliwa zaidi, Marekani walilazimisha onyo kwenye dawa hizi mwaka 2004 kwa watoto na vijana wadogo, 2007 wakaongeza mpaka umri wa miaka 24, na hatari inaangaliwa sana mwanzoni na dozi ikibadilishwa. Kwa sababu hiyohiyo napendekeza dawa ishikwe na mtu wa nyumbani, akupe ya siku au ya wiki, na zikae mbali na watoto, amitriptilini hasa ni hatari sana mtoto akiokota. Najua watu wanaogopa kusema mawazo hayo hospitali kwa sababu ya sheria, Kenya mahakama kuu ilishatamka Januari 2025 kwamba kifungu cha kumshtaki aliyejaribu kujiua kinapingana na katiba. Kuwa na mawazo tu si kesi popote, sema.

Mbili, ukijikuta unalala masaa mawili na una nguvu kama za watu watatu, unaongea haraka, unagawa hela, una mipango kumi ya biashara. Usifurahi ukadhani umepona. Inawezekana ugonjwa wako si sonona peke yake, ni ule wa hisia kupanda na kushuka, na dawa ya sonona ikipewa peke yake inaweza kukurusha juu. Rudi haraka.

Jipime, usikisie

Hili ndo nililipenda kuliko yote. Kuna dodoso linaitwa PHQ-9, lina maswali tisa, lipo kwa Kiswahili na kliniki nyingi wanalo. Linauliza wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya kufanya mambo, umejisikia huzuni, usingizi, uchovu, kula, kujiona umefeli, kushindwa kukaza akili, kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kutamani kufa. Kila swali unajipa 0 mpaka 3, jumla 27. Kuanzia 5 ni dalili hafifu, 10 za wastani, 15 za wastani kwenda kali, 20 kwenda juu kali.

Kwa nini ujipime? Kwa sababu sonona inakudanganya. Mi wiki ya 5 nilikuwa naapa dawa haijafanya lolote, dada yangu akachukua daftari akanisomea, siku ya kwanza 19, leo 12. Nikamwambia maswali yenyewe ya kijinga. Akasema sawa, ila mwezi uliopita ulikuwa huogi. Nikanyamaza. Jipime kila baada ya wiki mbili, siku ileile saa ileile, andika namba na tarehe, mpelekee daktari. Ikiwa imeshuka nusu hapo mnaenda vizuri. Ikiwa wiki ya 4 mpaka 6 haijashuka kitu na umemeza bila kuruka, dawa au dozi inahitaji kuangaliwa. Na swali la tisa likiwa chochote zaidi ya 0 usingoje siku ya kliniki.

Dodoso halimpi mtu ugonjwa lakini. Tezi ya shingo ikiwa imelegea, damu ikiwa pungufu, hata baadhi ya dawa nyingine zinaweza kukupa uchovu na huzuni ukapata alama nyingi, kwa hiyo kipimo cha damu daktari akikiandika usione anakutafutia hela.

Watakaokwambia dawa zenyewe uongo

Watakuja tu, na watakuja na utafiti kwenye WhatsApp. Ule unaosambazwa zaidi ni wa Julai 2022, wa Joanna Moncrieff na wenzake wa chuo kikuu cha UCL kule London. Walipitia tafiti za miaka mingi wakasema hawakuona ushahidi wa kueleweka kwamba sonona inasababishwa na upungufu wa serotonini, kemikali ya kwenye ubongo. Sawa, na wataalamu wengi walikuwa wameshaiacha hiyo hadithi ya "serotonini imepungua kama mafuta ya gari". Lakini ule utafiti haukupima kama dawa zinasaidia au hazisaidii, hilo ni swali jingine kabisa. Panadol inashusha homa na haimaanishi homa ni upungufu wa panadol mwilini.

Swali la kama zinasaidia lilijibiwa na kundi la Andrea Cipriani wa Oxford mwaka 2018, walikusanya majaribio 522, watu 116,477, dawa 21. Zote 21 zilishinda kidonge kisicho na dawa ndani. Ila, na hapa watu wa dawa nao huwa wanaruka, ushindi wenyewe kwa wastani si mkubwa, na majaribio mengi yalikuwa ya wiki kama nane tu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema zinaponya wote, mwongo, na ukisikia mtu anasema hazifanyi kitu, huyo naye vilevile.

Kule Marekani kulikuwa na utafiti mkubwa wa STAR*D, wagonjwa zaidi ya 4,000, dawa ya kwanza iliwaondolea dalili karibu theluthi moja. Theluthi! Maana yake ukishindwa na dawa ya kwanza uko kwenye kundi kubwa, si kwamba wewe umeshindikana. Mimi hiyo namba ilinisaidia kuliko mahubiri.

Dawa peke yake ni mguu mmoja

Mazungumzo yana ushahidi wake na si lazima yawe na daktari bingwa. Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, kundi la Paul Bolton walichukua vijiji 30, wakaanza kwa kuwauliza watu wenyewe huzuni hii mnaiitaje, wakapata maneno ya Kiganda, moja la kujichukia na jingine la kujihurumia. Kisha wakafundisha watu wa kawaida wa pale, si madaktari, kwa wiki mbili, nao wakaongoza vikundi, wanawake kivyao wanaume kivyao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Matokeo yalitoka 2003, waliobaki na sonona kwenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, vijiji visivyo na vikundi asilimia 54.7. Bila kidonge hata kimoja. Kwa hiyo kliniki wakikwambia kuna kikundi au kuna mshauri, nenda, hata kama unaona utaongea nini mbele za watu.

Na nyumbani kuna njia ya kufanya mambo madogo kabla hamu haijaja. Sisi tunangoja hamu ndo tufanye, sonona ikishika hamu haiji, kwa hiyo unageuza, unafanya kwanza. Uingereza walijaribu kwa watu 440, matokeo yakatoka 2016, njia hii ikifundishwa na wahudumu wa chini tu haikupitwa na ile ya kubadili mawazo inayofundishwa na wataalamu wa bei.

Namna yake, chagua kitu kimoja kidogo mpaka kinachekesha. Dada yangu alinipa sufuria moja. Siyo vyombo vyote, sufuria moja ya ugali, saa nne asubuhi, iwe imeoshwa. Siku ya kwanza nilisimama na ile sufuria ukoko umeganda pembeni, maji yanamwagika tu, nikalia. Nikaosha lakini. Akaandika kwenye daftari: sufuria 1, huzuni kabla 8, baada 7. Wiki iliyofuata sufuria na kwenda dukani kununua chumvi mwenyewe. Wiki ya tatu kukaa kibarazani nusu saa watu wakipita. Panga siku na saa, siyo "nikijisikia", na chagua vitu vya aina tatu, kimoja cha kazi, kimoja ulichokuwa unakipenda zamani, kimoja cha kukutana na mtu.

Pombe acha kipindi hiki, inashusha hali na inaharibu usingizi, na ukichanganya na amitriptilini unaweza kulala ukashindwa kuamshwa. Diazepamu ya kununua duka la dawa nayo, inatuliza wasiwasi usiku huo huo ndo maana watu wanaipenda, baada ya wiki chache mwili unaidai na kuiacha ni kazi. Kama daktari kaiandika iwe ya siku chache, uliza ngapi.

Dini sitaki ugomvi. Mama yangu aliniletea maji ya zamzam na sheikh akasoma, nilikunywa na nikatulia, na kidonge nikameza palepale na yale maji. Mwezi wa Ramadhani kidonge cha mara moja kwa siku kinaweza kuhamia daku au futari, mpigie tu daktari mpange.

Ukisahau, na ukitaka kuacha

Ukisahau kidonge kimoja, kama siku imeshapita usimeze viwili kesho yake, endelea kama kawaida.

Ukipona, usiache siku hiyo. Hapa ndo kosa la pili kubwa, mtu anajisikia vizuri mwezi wa tatu anasema nimepona namalizia kopo. Ushauri wa kawaida ni kuendelea miezi 6 au zaidi baada ya dalili kuisha, na kama imeshakurudia mara kadhaa muda unakuwa mrefu zaidi. Uingereza walichukua watu 478 waliokuwa wanatumia dawa muda mrefu na wanajisikia vizuri kiasi cha kufikiria kuacha, nusu wakaendelea, nusu wakapunguziwa taratibu bila kujua yupi yupi. Ndani ya wiki 52 sonona iliwarudia asilimia 39 ya walioendelea na asilimia 56 ya walioacha. Isome pande zote mbili hiyo. Kuacha kunaongeza hatari, na bado karibu nusu ya walioacha walikaa mwaka mzima salama. Kwa hiyo kuacha kunawezekana, ila kwa mpango.

Mpango ni kushuka ngazi, na kadiri unavyokaribia sifuri unapunguza kiasi kidogo zaidi kila mara, maana kutoka dozi ndogo kwenda sifuri ubongo unasikia mshtuko mkubwa kuliko kutoka dozi kubwa kwenda nusu. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, ndoto za ajabu, hasira, na kitu kama shoti ya umeme inapita kichwani ukigeuza macho. Fluoksetini ina nafuu kidogo kwa sababu inatoka mwilini polepole, paroksetini na venlafaksini ndo wakorofi. Dalili hizo zikija siku mbili tatu baada ya kupunguza ni mwili unadai dawa, huzuni ikirudi taratibu baada ya wiki kadhaa hiyo inaweza kuwa sonona yenyewe, na ile daftari ya PHQ-9 ndo itakusaidia kutofautisha. Usipunguze mwezi wa mitihani, msiba, au unapohama nyumba.

Mimi nilishuka kwa miezi mitano, namba yangu ya mwisho kwenye daftari ni 3. Zilibaki kapsuli 11. Jirani alisikia akaja kuniomba, mtoto wake wa kidato cha nne haongei wala hali, akasema si ugonjwa uleule. Nikazirudisha famasi, nikamwandikia jirani siku ya kliniki kwenye karatasi, Jumanne, afike kabla ya saa moja na nusu maana namba zinaisha, na nikamwambia nitakaa naye kwenye foleni. Tulikwenda, tukapata namba 14, na mtoto alipofika dirishani mi ndo nilisimama pembeni na peni nikauliza, dada, hii ni asubuhi au usiku?